Gari Linavutia Kulia, Ugonjwa Uko Kushoto

Shikamoo Mzee Fundi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Iringa mjini, nafanya biashara ya vitunguu. Kila Jumanne nashuka Ruaha Mbuyuni kufuata mzigo na Toyota IST yangu ya mwaka 2004, niliyoinunua kwa mtu miaka miwili iliyopita. Nikilaza viti vya nyuma magunia matatu yanaenea, na hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wangu.

Mvua zilipokatika mwaka huu nikaanza kuona kwamba nikikanyaga breki, gari linakwenda kulia. Mwanzoni lilikuwa jambo dogo, unalirudisha kwa mkono mmoja. Sasa hivi ni lazima nikaze usukani kwa mikono yote miwili. Nisipokanyaga breki gari halina shida yoyote: linakwenda limenyooka, usukani hautetemeki, na tairi zinalika sawasawa.

Jumanne iliyopita nilikuwa nashuka mlima wa Kitonga. Mbele yangu lori likapunguza mwendo ghafla kwenye kona, nikakanyaga kwa nguvu, na gari likahama njia likaingia upande wa wanaopanda. Kulikuwa na lori la kontena linakuja taratibu, dereva akapiga honi ndefu. Nilirudi njiani kwangu, sijui hata kwa namna gani. Nilipofika Mahenge niliegesha pembeni nikakaa robo saa mikono inatetemeka.

Mafundi watatu wameshaligusa. Wa kwanza alinifanyia alaimenti, yaani kunyoosha tairi, mara mbili. Wa pili akasema, "Mama, linavuta kulia, maana yake breki ya kulia ndiyo mbovu," akachonga diski ya kulia na kuweka pedi mpya upande huo tu. Likazidi. Wa tatu anataka shilingi laki sita abadilishe shokapu za mbele na raki ya usukani. Mume wangu anasema tuliuze tu.

Jambo jingine sijui kama lina maana. Kijana anayeniosha gari huwa analalamika kwamba rimu ya mbele kulia inajaa vumbi jeusi gumu kutoka, lakini ya kushoto inatoka safi kwa maji tu.

Nisaidie mzee wangu.

Mama wa Vitunguu, Iringa

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na pale kwenye honi ya lori nilisimama kidogo. Kwa hiyo nianze na hilo: usishuke tena Kitonga na gari hilo mpaka litengenezwe, hata kama utakwenda taratibu. Sisi tunaendesha kushoto, na gari linalovutia kulia likikanyagwa breki linakupeleka kifua kwa kifua na malori yanayopanda na makontena kutoka bandarini kwenda Tunduma. Jumanne hii panda basi, mzigo wako urudi na gari la mwenzako. Nauli utaipata tena.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe.

Umewahi kuona mkokoteni unasukumwa, halafu mtu akashika gurudumu la upande mmoja? Mkokoteni hausimami, unageuka, na unageukia upande ule ulioshikwa, kwa sababu upande wa pili bado unaendelea mbele. Gari ni hivyo hivyo. Ukikanyaga breki, tairi mbili za mbele zinatakiwa zishikwe kwa nguvu moja. Moja ikishikwa na nyingine ikaendelea kuzunguka, gari linageukia upande ulioshikwa. Gari lako linageukia kulia kwa sababu breki ya kulia inafanya kazi yake. Isiyofanya kazi ni ya kushoto.

Hapo ndipo fundi wako wa pili alipopotea, na hayuko peke yake, maana nimekuta gereji nyingi zinazofikiri hivyo. Alikwenda kwenye breki isiyo na ugonjwa akaiongezea nguvu: pedi mpya, diski iliyochongwa. Ile dhaifu akaiacha vilevile. Ndiyo maana likazidi. Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, siku moja, za aina moja, hata kama upande mmoja unaonekana bado una unene. Anayekuwekea upande mmoja tu anakupa gari lenye miguu miwili isiyolingana.

Alaimenti nayo nisingeihangaikia. Alaimenti ikiharibika gari huvuta muda wote, umekanyaga breki au hujakanyaga, na tairi hulika upande. Wewe umeniambia mwenyewe kwamba bila breki linanyooka na tairi zinalika sawa. Shokapu zikichoka gari huruka-ruka na kuzamisha pua, na raki ikilegea usukani huwa na mchezo. Hayo hukuniandikia. Ile laki sita iache kwenye pochi kwanza.

Jambo ambalo hukujua kama lina maana ndilo lililonipa jibu zaidi ya mengine yote. Lile vumbi jeusi kwenye rimu ni unga wa pedi na chuma cha diski. Breki inayosaga hutoa unga, na breki isiyosaga haitoi kitu. Kijana wako wa kuosha gari amekuwa akisema kila wiki kwamba breki ya kushoto imelala. Mpe soda.

Ipo hali moja ambayo ningekwambia kinyume, nayo ni lazima tuiondoe kabla fundi hajafungua nati. Wakati mwingine breki ya upande linakovutia gari ndiyo imeng'ang'ania, haiachii hata ukitoa mguu. Hapo gari huvuta kidogo muda wote, huwa zito kama limebeba mchanga, mafuta yanaisha haraka, na rimu inakuwa ya moto wenye harufu ya kuungua. Kipimo chake ni rahisi. Endesha kilomita tano au sita hapo mjini, ukitumia breki kawaida kwa mwendo mdogo. Egesha. Usiguse diski wala rimu, sogeza tu nyuma ya kiganja chako karibu na kila rimu ya mbele. Ukiona kulia kuna joto la kawaida na kushoto ni baridi kana kwamba gari halijatoka nyumbani, basi tumeelewana: kushoto hakushiki. Ukiona kulia kunachoma kiganja ukiwa bado mbali, tena kuna harufu, mwambie fundi aanze na kulia. Na usimwagie maji diski yenye moto, inaweza kupinda.

Baada ya hapo nenda kwa fundi, lakini nenda ukijua unachotaka apime. Gari liinuliwe mbele kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, mawe yakiwa yamezuia tairi za nyuma. Jeki peke yake haiaminiki. Mtu mmoja akae ndani akanyage breki, fundi ajaribu kuzungusha tairi la kulia kwa mikono, halafu la kushoto. La kulia litagoma kabisa. La kushoto, kama nilivyolisoma gari lako, litazunguka kwa shida au litazunguka kirahisi. Kisha mguu utolewe kwenye pedeli, na tairi zote mbili ziweze kuzunguka huru.

Ikishathibitika kwamba kushoto hakushiki, swali linabaki moja: je, nguvu ya mafuta ya breki haifiki pale, au inafika lakini kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imekwama? Hapa ndipo mafundi wengi huanza kubahatisha kwa pesa ya mteja, na hakuna haja, kwa sababu kile kinati cha kwenye kalipa, cha kutolea upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, kinatoa jibu kwa dakika mbili. Mtu akanyage pedeli na kuishikilia, fundi afungue kinati cha kulia kidogo. Mafuta yataruka kwa nguvu. Kinati kifungwe kabla mguu haujaachia pedeli, la sivyo upepo unaingia. Halafu afanye vilevile kushoto. Mafuta yakiruka kwa nguvu ileile, njia ni safi na ugonjwa uko kwenye kalipa au pedi. Yakitoka kwa kudondoka kama bomba la mtaani siku ya mgao, ugonjwa uko kwenye njia ya mafuta.

Nianze na kalipa, kwa kuwa ndiyo ninayoishuku zaidi.

Kalipa ya mbele ya IST, kama ilivyo kwa gari ndogo nyingi za Kijapani, ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga breki pistoni inasukuma pedi ya ndani ibane diski, halafu kalipa nzima inateleza kurudi ndani ili pedi ya nje nayo ibane. Inateleza juu ya pini mbili. Pini hizo zikikwama kalipa haitelezi, pedi ya nje inabaki kutazama tu, na nguvu ya upande ule inapungua sana.

Mwaka jana nilifungua kalipa ya kushoto ya gari lenye dalili kama zako. Pini ya chini ilikataa kutoka kwa mkono, ikabidi tuizungushe kwa spana huku tunagonga taratibu. Ilipotoka, upande mmoja ulikuwa na kutu nyekundu, na upande mwingine grisi ya zamani ilikuwa imekauka ikawa nyeusi kama sukari guru iliyoungua. Ukiigusa kwa ukucha inatoka vipande. Kile kimpira kinachofunika pini kilikuwa na ufa mdogo, hauzidi upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Maji yote ya madimbwi ya msimu mzima yaliingilia pale. Na fikiria, mwanangu, ni tairi gani linaloshuka pembeni ya lami kila unapopisha basi, na kukanyaga tope na maji? La kushoto. Wewe mwenyewe umesema tatizo lilikuja mvua zilipokatika.

Fundi akitoa pedi za kushoto, aziweke mbili pembeni mbele ya macho yako. Kama ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, au imelika mshazari, pini ndizo zilizokwama. Kama zote mbili bado ni nene wakati za zamani za kulia zilikuwa zimekwisha, pistoni yenyewe ndiyo haisogei.

Tiba ya pini ni ya bei ndogo lakini inataka uvumilivu: pini zisafishwe kwa msasa laini hadi ziteleze, matundu yake yasafishwe, vimpira viwe vipya, na ipakwe grisi maalumu ya breki. Nakusihi usimamie hapo kwenye grisi. Ile ya kawaida ya kopo, ya beringi na bushi, huvimbisha mpira, na baada ya miezi michache pini inakwama tena kuliko mwanzo. Pini iliyoliwa na kutu hadi ina mashimo haifai kusafishwa, inunuliwe nyingine.

Pistoni ikikwama, kalipa ishushwe, pistoni itolewe na kuangaliwa. Ikiwa uso wake ni laini, unanunua ripea kiti ya sili na vimpira, inafungwa upya. Ikiwa imeota vishimo vya kutu, ukiweka sili mpya itakatika, kwa hiyo badilisha pistoni au kalipa nzima. Kalipa ya mtumba kutoka Japani sina ugomvi nayo, mradi ifunguliwe na kuwekewa sili mpya kabla ya kufungwa kwenye gari lako.

Angalia pia kama pedi za kushoto zimelowa. Mafuta ya breki yanayovuja kwenye pistoni, au grisi inayorushwa na mpira uliopasuka wa siviti jointi, kile kiungo cha ekseli karibu na tairi, yakifika kwenye pedi, breki inateleza. Kuna watu huzichoma moto au kuzisugua ili wazirudishe. Pedi iliyokunywa mafuta haisafishiki. Itupwe, na chanzo cha mvujo kizibwe kwanza.

Sasa, kama mafuta yalitoka kwa kudondoka, tazama ule mpira wa breki unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Mpira huu huzeeka kwa ndani wakati kwa nje bado unang'aa. Ngozi ya ndani inabanduka na kuwa kama kizibo: ukikanyaga, mafuta yanapita kwa shida, na wakati mwingine yakishapita hayarudi. Gari la 2004 ambalo halijawahi kubadilishwa mipira hiyo limeshapitiliza. Hapa usikubali mtumba hata kidogo. Nunua mipya, kulia na kushoto.

Na mwambie fundi afuatilie bomba la chuma mpaka kwenye masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Nasema hivi kwa sababu gari umelinunua kwa mtu. Nimeshakuta magari ambayo bomba la tairi moja lilikunjwa na kupigwa nyundo, au likaingizwa kipande cha msumari, kwa sababu siku moja kalipa ilivuja njiani na mtu akataka gari lifike. Lilifika, likasahauliwa hivyo, kisha likauzwa. Anayefanya hivyo na kumwachia mwenzake gari bila kumwambia amemtegea kifo.

Breki zote mbili za mbele zikikutwa ziko sawa kabisa, ndipo uende kwenye bushi za loa ama, ule mkono wa chini unaoshikilia tairi la mbele, hasa bushi yake ya nyuma. Bushi ikikatika, tairi linarudi nyuma kidogo kila ukikanyaga breki na gari linabadili uelekeo. Dalili yake ni mlio wa "ko" unapokanyaga na mwingine unapoachia. Hukuutaja, kwa hiyo nauweka mbali. Breki za nyuma, ambazo kwako ni za dramu, zifunguliwe pia kuangalia kama kuna mvujo, ila haziwezi kukuvuta hivyo peke yake: ukikanyaga breki uzito wa gari unakwenda mbele, na kazi kubwa hufanywa na breki za mbele. Upepo wa tairi upimwe asubuhi gari likiwa baridi, kulia na kushoto usawa.

Kwa kuwa njia yako ni Kitonga, mafuta ya breki yote yabadilishwe siku hiyohiyo. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 140, na breki zinazoshuka mlima mrefu na mzigo hufika huko. Yakichemka pedeli inazama hadi sakafuni. Kopo lifunguliwe mbele yako likiwa na lakiri, na fundi atoe upepo mpaka mafuta yanayotoka yawe meupe, si rangi ya chai. Mtu asikuongezee mafuta ya injini wala ya haidroliki kwenye kile kikopo cha breki, hata tone, maana yatavimbisha mipira yote ya mfumo mzima.

Kwa hiyo agiza hivi: pedi mpya za mbele kulia na kushoto za aina moja, zile mpya za kulia zikiwemo kwenye kubadilishwa kama huwezi kupata wenzake, diski ya kushoto ipimwe unene na uso wake ulingane na wa kulia, kalipa ya kushoto ifunguliwe, na ya kulia ipakwe grisi pini zake ukiwa hapohapo. Omba vipuri vya zamani ukae navyo. Utakuwa umelipa pungufu sana ya ile laki sita.

Usilichukue gari kwa kuambiwa tu kwamba limekuwa sawa. Tafuta kipande cha barabara iliyonyooka na tupu, asubuhi mapema. Nenda kilomita 30 kwa saa, shika usukani kwa vidole bila kukaza, kanyaga breki wastani. Rudia kwa 40, kisha kwa 50. Linyooke mara zote. Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski, kwa hiyo kanyaga-achia mara kumi na tano au ishirini ukiacha nafasi ya kupoa, na siku chache za mwanzo usibebe mzigo mzito. Likivuta hata kidogo, geuza urudi gereji siku hiyohiyo.

Ukianza tena safari, Kitonga ingia na gia ndogo tangu juu, 2, na pale panapokaza zaidi L, injini ikushikilie. Breki ikanyage kwa uthabiti kisha iachie ipumue. Usiende umeiwekea mguu njia nzima.

Halafu baada ya wiki mbili muulize yule kijana wa kuosha gari. Rimu ya kushoto ikianza kumsumbua kwa vumbi jeusi kama ya kulia, breki yako imerudi. Uniandikie.